Mcheza kwao hutunzwa, lakini mabinti zetu wa tenisi watacheza wapi?

Alhamisi ya tarehe 7 Agosti 2025 macho ya Afrika Mashariki yalikuwa Kasarani. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walitoka sare ya bao 1-1 na Angola katika michuano ya CHAN, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliiandaa kwa pamoja, na mazungumzo ya usiku ule yalikuwa ya soka tu. Saa chache baadaye, huku kwetu Ijumaa ikiwa imekwisha kuingia, msichana wa miaka 18 aitwaye Victoria Mboko alimshinda Naomi Osaka wa Japani kwa seti 2-6, 6-4, 6-1 mjini Montreal na kutwaa ubingwa wa wazi wa Kanada kwa upande wa wanawake. Hilo ni shindano la WTA 1000, la chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, ngazi iliyo chini moja kwa moja ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, na hundi ya bingwa ilikuwa dola 752,275. Mboko alizaliwa Charlotte, Marekani, akakulia Kanada, na wazazi wake walihama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haikuchukua muda kabla ya sisi wa huku kuanza kumwita binti yetu.

Kumshangilia si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kilichoshinda Montreal ni damu ya Kongo, kisha tukae tukingoja damu hiyo itushindie tena siku nyingine, mahali pengine, chini ya bendera ya wengine. Hoja yangu ni kwamba ubingwa ule ulitengenezwa na kitu ambacho kinaweza kuhesabiwa na kununuliwa: mashindano mengi madogo ya kulipwa ya wanawake, yaliyo karibu na mchezaji, ambayo humpandisha kutoka nafasi ya elfu moja duniani hadi ya mia tatu, na kutoka hapo hadi kwenye viwanja vikubwa. Wao wana ngazi hiyo. Sisi tuna vipaji vinavyosimama chini vikitazama juu. Nchi za Afrika Mashariki zikitaka kumwona binti yao kwenye droo kuu ya Wimbledon, jambo la kwanza si kujenga uwanja mkubwa wala kumwalika nyota kwa mechi ya maonyesho. Ni kuandaa mashindano madogo, mfululizo, kila mwaka, katika miji ambayo tayari ina viwanja.

Itazame safari ya Mboko yenyewe. Mwaka 2025 ulipoanza alikuwa nje ya wachezaji 300 bora duniani, akitoka kwenye kipindi cha kusumbuliwa na goti. Hakuanza mwaka huo Melbourne wala Dubai. Alianza kwenye mashindano ya daraja la chini ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, katika visiwa vya Guadeloupe na Martinique na katika jimbo la Georgia, mbele ya watazamaji wachache wasioweza kujaza hata ukumbi wa shule. Katika mashindano ya ngazi hiyo alishinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza seti, akabeba mataji manne kwa mpigo. Pointi alizovuna zikamfungulia mlango wa mechi za mchujo katika mashindano makubwa zaidi. Kufikia Mei alipita mchujo wa Roland-Garros, Grand Slam ya Ufaransa, na kufika raundi ya tatu. Alipoingia Montreal alikuwa wa 85 duniani, na waandaaji wakampa nafasi ya mwaliko kwa sababu ni mchezaji wa nyumbani. Ndani ya siku kumi na mbili akawatoa mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina na hatimaye Osaka. Kwa Rybakina alikuwa amebakiza pointi moja tu kutolewa, akaiokoa na kushinda seti ya tatu kwa taibreka. Shindano lilipokwisha alikuwa amepanda hadi nafasi ya 24.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hakuna mchezo unaoufuata usemi huo kwa uaminifu kama tenisi. Kila shindano la kulipwa huacha nafasi kadhaa za mwaliko mikononi mwa mwenyeji, na mara nyingi mwenyeji huwapa watoto wake. Kanada ilimpa Mboko nafasi yake Montreal. Mwaliko huweza hata kumfikia mgeni: mapema mwaka huohuo waandaaji wa Miami walimpa Alexandra Eala wa Ufilipino, aliyekuwa wa 140 duniani, naye akamtoa Iga Swiatek na kufika nusu fainali. Asiye na shindano hana mwaliko wa kutoa, wala hana cha kubadilishana na wenzake wenye mashindano. Binti wa Nairobi, Bujumbura au Dar es Salaam anayetaka kuingia kwenye shindano lolote lazima aingie kwa cheo chake cha dunia, na cheo hicho hakipatikani bila kuingia kwenye mashindano. Hapo ndipo wengi hukwama, tena si kwa kukosa servisi nzuri.

Msomaji asiyefuatilia tenisi anastahili kuelezwa mfumo wenyewe, maana hesabu yake ndiyo kiini cha jambo hili. Mashindano ya chini ya ITF kwa wanawake hupangwa kwa herufi W na namba: W15, W35, W50, W75 na W100. Tangu 2024 namba hiyo ndiyo idadi ya pointi anazopata bingwa. Anayeshinda W15 hupata pointi 15. Mboko alipata 1,000 kwa Montreal. Ili jina la mchezaji litokee kwenye orodha ya dunia ya WTA lazima apate pointi katika mashindano matatu, au akusanye pointi 10 kwa jumla. Kila pointi hudumu wiki 52, kisha hufutwa. Maana yake ni kwamba cheo si cheti cha kutundika ukutani. Ni deni linalolipwa kila wiki. Mchezaji anayecheza mashindano 25 kwa mwaka ana nafasi 25 za kulipa deni hilo. Anayemudu mashindano sita, kwa sababu kila moja linamtaka apande ndege mbili na kulala hotelini wiki nzima, ana nafasi sita tu, na akiugua mafua wiki moja ameshapoteza sehemu kubwa ya mwaka. Zawadi za huko chini haziponyi maumivu hayo: anayetolewa raundi ya kwanza ya W15 hapati hata dola 200, na bingwa mwenyewe huondoka na dola elfu mbili na ushei. Kwa anayeishi mwendo wa basi kutoka uwanjani, fedha hiyo ni faida. Kwa anayetoka Nairobi kwenda Tunisia, ni hasara hata akishinda.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwetu haukutokea Montreal bali Wimbledon, Julai 2022. Katika fainali ya wasichana, wachezaji wawili wawili, Angella Okutoyi wa Kenya akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi aliwashinda Wakanada wawili kwa 3-6, 6-4 na taibreka ya 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam katika ngazi ya vijana. Wakanada waliopoteza siku ile walikuwa Kayla Cross na Victoria Mboko. Miezi sita nyuma, Melbourne, Okutoyi alikuwa ameshaandika historia nyingine kwa kuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya mmoja mmoja ya vijana kwenye Grand Slam. Basi kiwango chake hakikuwa cha kubahatisha. Wasichana wale walisimama kwenye nyasi moja, wakitenganishwa na pointi mbili. Miaka mitatu baadaye mmoja alikuwa bingwa wa WTA 1000, na mwingine alikuwa akichezea Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, akipigania pointi za daraja la chini kila alipopata likizo.

Najua jibu litakalokuja mara moja: mechi ya wawili wawili si ya mmoja mmoja, na huenda Mboko ana kipaji kikubwa zaidi, basi. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Mboko alikuwa na miaka 15 siku ile na Okutoyi 18, na msimu huohuo Mkanada huyo alifika nusu fainali ya wasichana ya mmoja mmoja palepale Wimbledon. Sidai kwamba Okutoyi angebeba kombe la Montreal kama angezaliwa Toronto. Dai langu ni dogo na gumu zaidi kulikanusha: kwamba umbali uliopo leo kati yao hauwezi kuelezwa kwa kipaji peke yake, kwa sababu mfumo unaopima kipaji hicho humpima mmoja kila wiki na mwenzake mara chache kwa mwaka. Kanada ina kituo cha taifa cha mazoezi mjini Montreal tangu 2007, ina mashindano ya ITF katika miji midogo kama Saguenay na Granby, na mapato ya ubingwa wa wazi ndiyo tegemeo kubwa la shirikisho lao. Okutoyi alilelewa na bibi yake aliyekuwa mfanyakazi wa usafi shuleni Nairobi, akapitia vituo vya ITF nchini Burundi na Morocco, na alipomaliza umri wa vijana akajikuta mbele ya pengo ambalo hakuna aliyekuwa amelijengea daraja.

Gharama ya pengo hilo ilionekana wazi mwaka 2024. Mwezi Machi, mjini Accra, Okutoyi alitwaa dhahabu ya mmoja mmoja ya wanawake katika Michezo ya Afrika. Bingwa wa michezo hiyo aliwekewa nafasi ya kucheza Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: awe ndani ya wachezaji 400 bora duniani orodha itakapofungwa mwezi Juni. Hakuwa ndani ya 400. Nafasi iliyowekewa bara zima ikapita, na tenisi ya Kenya haikuwa na mtu Paris. Bingwa wa Afrika alizuiliwa na hesabu ya pointi, na pointi hizo zinauzwa kwa bei ndogo kuliko tunavyodhani. Ushindi mmoja wa W35 una pointi 35, na wiki chache nzuri nyumbani zingebadilisha mazungumzo yote. Anayesema kwamba mashindano madogo hayana maana akumbuke kwamba kwa kukosa mashindano madogo tulikosa Olimpiki.

Ukitaka kuona upande wa pili wa sarafu hiyo, tazama kaskazini mwa bara letu. Morocco imekuwa na shindano la ngazi kuu ya WTA tangu 2001, shindano la Binti Mfalme Lalla Meryem, ambalo sasa huchezwa Rabat. Monastir nchini Tunisia na Sharm El Sheikh nchini Misri zina mashindano ya W15 karibu kila wiki ya mwaka, kiasi kwamba wasichana kutoka Ulaya na Asia huhamia huko kwa mwezi mzima kutafuta pointi zao za kwanza. Kati ya 2022 na 2024 Monastir iliongeza shindano la WTA 250. Katika kipindi hicho Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali mbili za Wimbledon na moja ya Marekani, akapanda hadi nafasi ya pili duniani, na Mayar Sherif akawa Mmisri wa kwanza kutwaa taji la WTA, mjini Parma mwaka 2022. Siwezi kusema kwamba mashindano hayo ndiyo yaliyomzaa Jabeur. Alikuwa bingwa wa vijana wa Roland-Garros tangu 2011, na kazi yake ina mizizi mingi. Lakini si jambo la bahati kwamba sehemu ya Afrika yenye mashindano mengi ndiyo yenye wachezaji wengi kwenye orodha ya dunia. Kusini mwa Sahara, kalenda ya 2025 ya ngazi kuu ya WTA haikuwa na shindano hata moja. Sada Nahimana wa Burundi, aliyepanda hadi ndani ya 300 bora, alifika huko akiishi nje ya kwao na kucheza kwa wengine.

Tufanye nini basi? Pendekezo langu si la ndoto. Mashirikisho ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi yakae pamoja yapange wiki sita mfululizo za mashindano ya wanawake ya W15 na W35, kila mji ukichukua wiki moja au mbili: Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Dar es Salaam. Mfululizo ni muhimu kuliko ukubwa. Mchezaji wa nje hasafiri kwa ajili ya wiki moja, ila kwa sita atakuja, na ujio wake ndio unaofanya droo ijae na pointi ziwe na thamani. Kwa wachezaji wetu, safari nyingi kati ya miji hiyo ni za basi. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho tu. Viwanja vipo: klabu za Nairobi, Lugogo mjini Kampala, Gymkhana ya Dar es Salaam. Nairobi imekwisha kuandaa mashindano ya wanawake ya ITF, kwa hiyo maarifa nayo yapo. Tatizo ni kwamba mashindano hayo yamekuja na kupita bila mpangilio wa kudumu ambao mchezaji anaweza kuujengea msimu wake. Zaidi ya hapo, jiografia inatupa faida ambayo fedha hainunui. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi na mpira huruka haraka kuliko alivyozoea mgeni kutoka Antalya au Bangkok. Aliyekulia hapa anaijua kasi hiyo tangu utotoni.

Kuhusu fedha, tuzungumze kwa tarakimu. Zawadi nzima ya W15 ni dola 15,000, yaani kama shilingi milioni 1.94 za Kenya. Wiki sita, zote zikiwa za W15, ni dola 90,000, kama shilingi milioni 11.6, zikigawanywa kwa nchi tano. Ongeza waamuzi, mipira, daktari na usafiri; ukipenda zidisha mara mbili. Sasa linganisha. Wakati wa CHAN, Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars shilingi milioni moja kwa kila mechi watakayoshinda. Bonasi ya wachezaji wawili kwa ushindi mmoja inatosha zawadi ya W15 nzima. Bonasi ya kikosi kwa ushindi huohuo inatosha msimu wote wa hesabu hiyo na chenji kubaki. Vijana wale walistahili kila senti, na walilipa kwa jasho. Lakini baada ya ulinganisho huo hatuwezi tena kusema kwamba fedha hakuna. Fedha ipo, ila hakuna aliyeamua kwamba tenisi ya wanawake inastahili hata kipande chake kidogo.

Wapo watakaosema kwamba tenisi ni mchezo wa wenye nacho, wa klabu zenye ada na kuta ndefu, na kwamba nchi zenye shule zisizo na madawati hazina haja nao. Malalamiko hayo yana msingi: raketi ni ghali, viwanja vya umma ni vichache, na klabu nyingi zilianzishwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kuwatenga watu. Hata hivyo yanaangukia upande wangu wa hoja. Mtoto wa tajiri hahitaji shindano la nyumbani. Baba yake atamlipia Monastir, Hispania na kocha wa kuzunguka naye. Anayehitaji shindano la kufikika kwa basi ni mtoto wa mfanyakazi wa usafi. Kadiri mashindano yanavyokuwa mbali, ndivyo mchezo unavyobaki wa wachache. Kusogeza mashindano karibu ndiko kuuvunja ukuta wenyewe, na serikali inayochangia inaweza kuziwekea klabu masharti: shindano likifanyika kwenu, viwanja vyenu vifunguliwe kwa watoto wa shule za jirani siku kadhaa kwa wiki. Tena hakuna anayeuliza swali la madawati tunapojenga viwanja kwa ajili ya AFCON ya 2027.

Pingamizi jingine ni kwamba tukiandaa mashindano, wageni watakuja kuchukua zawadi na pointi zetu, nasi tubaki kuwapigia makofi. Mwanzoni hivyo ndivyo itakavyokuwa, na tusidanganyane. Droo ya wachezaji 32 itakuwa na wageni wengi, na wasichana wetu wengi watatolewa mapema. Lakini kufungwa na mchezaji wa nafasi ya 400 kwenye uwanja wa nyumbani ni somo ambalo huko nyuma mzazi alilazimika kulilipia nauli ya ndege. Riadha ya Kenya inatufundisha jambo hilohilo. Faith Kipyegon hakuanzia Olimpiki. Mwaka 2010, akiwa bado kijana mdogo, alikimbia pekupeku katika mbio za nyika za dunia na kumaliza wa nne upande wa vijana, na alifika pale kwa sababu nchi ina mbio za nyika za shule, za polisi na za majeshi, ambapo mtoto hushindwa mara nyingi kabla ya kushinda. Hatumwambii mkimbiaji wetu asubiri awe tayari ndipo tumwandalie mbio. Tunamwandalia mbio ili awe tayari. Kwa tenisi tumeugeuza utaratibu huo juu chini, kisha tunashangaa matokeo.

Na vyuo vya Marekani je? Si vinatosha kuwalea vijana wetu bila sisi kutoa hata shilingi? Vyuo hivyo ni neema kwa anayepata ufadhili: ana kocha, daktari, viwanja na shahada mkononi hata akivunjika mguu. Okutoyi alifanya uamuzi wa busara kwa mtu aliyekuwa mahali pake. Lakini msimu wa chuo haugawi pointi za WTA. Mechi ni za kuchezea chuo, na msichana hubakiwa na likizo tu za kutafuta cheo chake. Kama likizo hiyo ingemkuta na wiki sita za mashindano nyumbani, angerudi Alabama akiwa amepanda. Isitoshe, chuo humchukua aliyekwisha kuonekana. Nyuma ya kila anayepata ufadhili wapo kumi ambao hakuna mwalimu wa Marekani aliyewahi kuwaona, kwa sababu hakuna mashindano ya kuwaonyesha.

Imebaki hoja ya mwisho, kwa nini wanawake kwanza. Jibu liko Kigali. Tangu 2024 Rwanda imeandaa mashindano ya wanaume ya ATP Challenger, mawili kwa mfuatano. Mwaka wa kwanza yalikuwa ya daraja la 50, na mwaka uliofuata yakapandishwa hadi 75 na 100. Hii imethibitisha kwamba mji wa Afrika Mashariki unaweza kuandaa tenisi ya kulipwa ya kiwango cha heshima na dunia ikaja. Lakini wanawake hawajawekewa kitu cha daraja hilo katika ukanda wetu. Hata Kanada haina usafi wa kujivunia hapa: wiki ileile Mboko alipopokea dola 752,275 Montreal, bingwa wa wanaume Toronto, Ben Shelton, alipokea dola 1,124,380. Tofauti ni kwamba kule wanabishana kuhusu ukubwa wa hundi, huku kwetu tunabishana kama kuwe na shindano. Ajabu yake ni kwamba heshima yetu kubwa zaidi katika tenisi kwa miaka ya karibuni imeletwa na wanawake: taji la Wimbledon la vijana, dhahabu ya Accra, cheo cha Nahimana. Tumewekeza kidogo zaidi pale tulipovuna zaidi.

Kwa hiyo mashirikisho ya tenisi ya ukanda huu yana kazi ambayo haihitaji kusubiri bajeti ya karne. ITF hupokea maombi ya tarehe kutoka kwa mashirikisho ya nchi, na nchi tano zikiomba wiki zinazofuatana zitakuwa na msimu wao. Wizara za michezo ziweke fungu dogo, la kudumu, lisilotegemea ahadi za jukwaani. Benki na kampuni za simu ambazo mabango yake yamejaa kwenye viwanja vya soka zichukue angalau mji mmoja kila moja. Nasi wasomaji tuulize swali moja kila mara kiongozi wa michezo atakapopanda jukwaani kumsifu binti yeyote wa tenisi, awe Okutoyi, Nahimana au Mboko wa Kanada: shindano letu la wanawake ni lini, na ni wapi? Asiyekuwa na tarehe ya kututajia hana haki ya kuziita nyota hizo zake.